Kauboi wa Matege

Mpunga unaokaribia kukomaa una harufu yake, tamu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuchemka, na mwaka ule harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa jenereta. Gari la sinema lilikuwa limeingia Mofu, kijijini kwetu. Nilikuwa darasa la tatu, na ndiko nilikoishia. Wakatundika shuka jeupe uwanja wa mpira, na jua lilipozama tu wakatuonyesha kauboi. Tena si kauboi wa maana. Huyu alipanda farasi upande huu akaangukia upande wa pili. Akichomoa bastola, suruali inamshuka. Akirusha ngumi, anapiga nguzo na kibaraza chote kinamwangukia. Alitumbukia kwenye birika la kunyweshea farasi, akatoka na kofia imejaa maji, akaivaa hivyohivyo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini wakishika mbavu. Baba yangu naye alicheka, akawa anapangusa macho kwa kiganja.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba sinema ile ilikuwa inawakejeli makauboi wa sinema nyingine, wale mashujaa wa kweli wasiokosa shabaha na wasioanguka. Huko ilikotengenezwa walijua nani anachekwa. Sisi tulikuwa hatujamwona hata shujaa mmoja wa aina hiyo. Kicheko kikawa hakina mwenyewe, kikaanza kutafuta mtu wa kumkalia, kikampata baba. Baba alikuwa na matege tangu utotoni, na yule kauboi alitembea kwa matege.

Kazi ya baba ilikuwa kukaa kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha miti, kulinda mpunga wa mashamba yote ya upande wetu. Akiona viboko wanapanda kutoka mtoni anapiga debe, na wote waliolala vibandani shambani watoke na vijinga vya moto, wapige kelele mpaka wanyama warudi majini. Hakuna aliyeuliza kwanza. Ukisikia debe, unatoka.

Baada ya sinema vijana wakaanza kutembea nyuma yake wamepanua miguu. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo Kauboi, farasi umemfunga wapi?" na mama zao kisimani wakacheka badala ya kuwapiga vibao. Baba akajibu marahaba, maana shikamoo haiachwi hewani. Ila akaanza kuzunguka njia ya mtoni ili asipite kisimani. Kisha wakaligeuza debe nalo kuwa mchezo. Akilipiga kufukuza nguruwe, wanamjibu kutoka vibandani kwa midomo, milio ya bastola, na mwingine anajifanya kapigwa risasi anaporomoka kwenye majani.

Jioni moja, kabla giza halijatulia, viboko wakapanda. Baba akapiga debe. Wakamjibu kwa bastola za midomo. Akapiga tena, akaita watu kwa majina yao, sauti ikamkauka, nao wakazidi kucheka. Mimi na mama tulitoka, mwanamke na mtoto wa kike, na kijinga kimoja. Baba akashuka kwenye dungu akawakimbilia wale wanyama peke yake, akateleza, akalala kifudifudi kwenye tope. Wale wa vibandani walipogundua kuwa si mchezo, shamba letu na mashamba ya jirani zetu yalikuwa yamelazwa kama mkeka.

Asubuhi wakakusanyika pale pale kumuuliza baba kwa nini mpunga umeliwa naye yupo. Akasimama na nguo zake za tope. Aliyejibu ni Mzee Komba, Mngoni, mtani wetu. Kwetu mtu akianguka, mtani wake ndiye anayemcheka, hata msibani anaweza kuja kumwigiza marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Tangu sinema ije, Mzee Komba peke yake ndiye aliyekuwa hajamcheka baba.

"Kumcheka huyu ni haki yangu mimi," akawaambia. "Ninyi ni ndugu zake. Haki yenu ni kumwambia pole. Sasa mmekula ya kwangu na ya kwenu hamkuitoa."

Watu wakatazama chini, lakini hakuna aliyefungua mdomo kusema pole. Hata mmoja. Wiki ile ile baba akaenda kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, kwa watu wa mikoa yote wasiomjua, akafia huko. Nyumbani njaa ikaingia, nami nikatolewa shule kwenda kulima vibarua.

Leo naishi mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, nyumba ya tofali niliyoijenga kwa mikono hii. Sinema haisubiri gari tena, kila mtu anayo mfukoni. Kijana akianguka na bodaboda hapa mtaani, simu zinatolewa kabla ya mkono wa kumwinua. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kauboi wa vichekesho, akaniuliza, "Bibi, mbona hucheki?" Nikamwambia nimeshaelewa utani wake, endelea.

Wale wa vibandani wamekwisha karibu wote. Nimekwenda kuwazika, mmoja baada ya mwingine. Nimewachotea maji, nimewapikia ugali wa msiba, nimekaa na wajane wao kwenye mkeka. Na kila nyumba niliyoingia nimesema pole, kwa sauti, ili wote wasikie jinsi neno lenyewe lilivyo fupi.