Mzee Mbishi wa Semina ya Kimeta

Nilipaswa kukataa pale pale, kabla chai ya saa nne haijapoa. Mwezeshaji wa semina, binti kutoka Dar es Salaam mwenye sauti ya mtangazaji, alikuja na sahani yake ya maandazi, akaketi kando yangu na kuniuliza kama ningeweza kuigiza mzee mbishi. Nikamwambia amuulize mke wangu, atamweleza kwamba hapo sina haja ya kuigiza. Akacheka, nami nikakubali. Kwa umri wangu, mtu akiucheka mzaha wangu wa kwanza ameshanipata.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Karatu, hoteli ya watalii wanaolala usiku mmoja kabla ya kushuka kreta ya Ngorongoro. Washiriki walikuwa maafisa afya na wauguzi wa huku kwetu na wa upande wa Ngorongoro, mpaka Soitsambu na Digodigo. Walikuja kufundishwa mawasiliano ya kimkakati, yaani namna ya kusema na watu mpaka wakusikie. Mimi nilialikwa kwa sababu nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini kwetu Ganako kwa miaka mingi. Elimu yangu ni kidato cha nne, lakini majirani waliniita daktari, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka, na mtoto akiharisha walianzia kwangu.

Somo lilikuwa kimeta. Huku kila mtu anakijua: ng'ombe anaanguka ghafla, damu inamtoka puani, na wataalamu wanasema usimchune, usimle, mfukie. Ni rahisi kulisema hilo ukiwa umevaa tai. Washiriki walikuwa wamejaza kuta kwa karatasi kubwa zenye maneno kama "hadhira lengwa" na "ujumbe mkuu", na afisa mmoja aliandika ujumbe mkuu mrefu hata ukahitaji karatasi ya pili. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kama mtu aliyefiwa na ng'ombe, wao waje mmoja mmoja kunishawishi nisimle.

Wa kwanza alianza na "Mzee, Serikali inasema." Nikamuuliza Serikali ilianza kuchunga lini. Wa pili akanieleza habari za vijidudu visivyoonekana kwa macho. Nikamwomba anioneshe. Wa tatu, kijana mwenye suti, akaniambia kwa upole kwamba nyama ile si salama.

"Huyu ng'ombe nimemzalisha kwa mikono yangu," nikamjibu. "Najua alikula nini jana na juzi. Wewe kuku uliyemla mchana hapa hotelini, baba yake unamjua?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Muuguzi mmoja alitoka nje kujifuta machozi. Yule kijana akarudi kwenye kiti chake, na nilisikia baadaye kwamba jioni aliagiza maharage.

Aliyenishinda alikuwa mama mmoja wa Digodigo. Hakubishana nami. Alivuta kiti, akanipa pole ya ng'ombe, akauliza alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, kisha akauliza watoto watakula nini leo ikiwa nyama itafukiwa. Tukazungumza juu ya majirani wanaosubiri mgao wao, na aibu ya kuwarudisha mikono mitupu. Akasema atakwenda kwao yeye mwenyewe, ili lawama iwe yake na si yangu. Nikasema sawa, tuchimbe shimo. Mwezeshaji alisema hilo ndilo somo zima. Ila hakuna aliyecheka, na simu zote zilikuwa zimesharudi mifukoni.

Simu zilikuwa zimerekodi kuku.

Video ile ya kuku ilisafiri kwenye makundi ya WhatsApp zaidi kuliko ujumbe wowote uliobandikwa ukutani. Siku ya mnada watu walinisimamisha: mzee, hebu tuambie ya kuku. Niliwaambia, na nilinyweshwa chai mpaka tumbo likalalamika. Mfugaji mmoja wa Soitsambu alinishika mkono akasema mimi ndiye mzee pekee aliyewajibu watu wa afya. Hapo ndipo nilipopaswa kumweleza kwamba lilikuwa igizo. Mimi nikamshukuru tu.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa shemeji, mdogo wa mke wangu. Tulikuwa watani tangu nilipokwenda kwao kuposa, na utani wetu haukuwa na breki. Akinikuta nalima, aliniuliza nimepoteza nini ardhini. Kila Jumapili baada ya kanisa alipitia kwetu kunywa chai na kunisema, na bila yeye Jumapili haikuwa Jumapili. Aliikariri video yote, pamoja na kikohozi changu.

Kiangazi kilipokaza, ng'ombe walianza kufa kweli. Nikasikia dume la shemeji limeanguka, nikaenda. Nilimkuta analichuna na majirani wawili bila chochote mikononi zaidi ya visu, akijifuta jasho la uso kwa nyuma ya mkono. Nikamwambia aache, huyo ana kimeta, tumwite mtu wa mifugo tumfukie.

Hakusimamisha hata kisu. "Serikali ilianza kuchunga lini, shemeji?"

Majirani wakacheka. Nikasema sitanii.

"Umeanza lini kutotania?" akauliza. "Njoo ushike mguu huu. Au wewe huli mpaka kuku wa hotelini?" Akakohoa kama ninavyokohoa mimi.

Nami nikacheka. Alikuwa ameniiga vizuri mno. Ningeweza kuketi kama yule mama wa Digodigo, nikamwuliza watoto watakula nini, nikatangulia kwa majirani kubeba lawama. Badala yake nilisema haya, mtanikumbuka, kwa sauti ile ile ya igizo, nikaondoka.

Kidonda kilimtoka kwenye kope. Kilianza kama kipele, kikawa cheusi, na kwa kuwa hakikuuma hakwenda popote. Uso ulipovimba ndipo mkewe akampeleka hospitali. Yeye alipona. Jicho la kulia halikupona.

Nilikwenda wodini nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyeona unatania."

Siku hizi tukikutana njiani yeye ndiye anayeanza: shikamoo, mzee. Anamuulizia dada yake, anaulizia mahindi, anapita. Baada ya kanisa anakwenda kwake moja kwa moja. Juzi nilijaribu kumchokoza juu ya kofia yake mpya, nikamuuliza ameiazima kwa sanamu ya kutishia ndege. Akanijibu kwa adabu kwamba ni ya kuzuia jua.

Kukubali kwangu kuwa mzee mbishi kulimgharimu shemeji jicho moja. Mimi kulinigharimu shemeji.