Sauti za Binti wa Profesa

Fundi saa aliyepakana na kibanda changu cha viatu tulimwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake mizito na ile kompyuta. Aliinunua ikiwa kuukuu, vitufe viwili vimeng'oka, kifuniko kimeshikiliwa kwa waya. Kazi ya saa ilikuwa imedorora, maana siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu. Basi wateja wakikosekana, Profesa aliweka kibano chini, akafungua kompyuta na kujifunza kuandika programu kutoka kwenye kitabu kilichochakaa mpaka kurasa zikawa zinachomoka.

"Hivi unapata nini humo?" nilimuuliza siku moja, gundi imenijaa vidoleni.

"Ni kama saa tu. Ukikosea kijino kimoja, yote inagoma. Ukipatia, inatembea yenyewe."

Programu yake ya kwanza ilimsalimia: "Habari za asubuhi, Profesa." Aliibeba nyumbani kwa mbwembwe kumwonyesha mkewe, mpishi wa shule, mwanamke mwenye ulimi mwepesi.

"Miaka ishirini na sita nakusalimia, unanijibu kwa kuguna," mkewe akamwambia. "Leo umesalimiwa na sanduku, meno yote nje!"

Kicheko kilikuwa bado kipo katika nyumba ile wakati huo. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekwenda kusomea ualimu mji wa mbali. Hakupenda kuandika. Akipata nafasi, alimtumia mama yake ujumbe wa sauti kwenye simu, siku nyingine mara tano, mara sita. Mwaka wake wa pili akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Aliugua siku nne. Profesa alipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Baadaye simu ya mama ikaanza kuzimika ovyo. Kabla haijafa kabisa, Profesa alizihamishia sauti zote kwenye kompyuta: mia mbili na kumi na nne. Tangu hapo, kila jioni mama akirudi kazini alivua viatu, akaketi na kusikiliza tatu au nne. Lakini zilikuwa zimechanganyika, na majina yake ni tarakimu ndefu zisizo na maana. Kulikuwa na moja ambayo binti anasimulia mkufunzi wao alivyokalia rangi mbichi, anacheka mpaka anapaliwa. Kuitafuta hiyo peke yake kulimchukua mama nusu saa.

Profesa akaona njia ya kumsaidia mkewe. Angeandika programu ya kuzipa sauti majina ya tarehe zake, zijipange tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Aliishughulikia wiki tatu. Jumamosi moja mchana, mbele ya macho yangu, akabofya. Kioo kikaandika: "Tayari." Akapiga makofi kama mtoto.

Kisha akahesabu. Akahesabu tena. Nikamwona anavua miwani.

"Zimebaki sitini na moja," alisema.

Alinieleza kilichotokea. Sauti zote za siku moja zilipewa jina moja, na kila iliyofuata ikakaa juu ya iliyotangulia na kuifuta. Kila siku ikabakiwa na moja tu, ya mwisho. Na ya mwisho, karibu mara zote, ilikuwa maneno yaleyale: "Lala salama, mama."

"Hukuweka nakala?" nikauliza, na papo hapo nikajuta.

"Kitabu kimesema. Ukurasa wa kwanza kabisa."

Alimpelekea fundi wa kompyuta, akaambulia kutikisiwa kichwa. Siku mbili alimdanganya mkewe kwamba mashine ina hitilafu. Siku ya tatu akamfuata jikoni, akasimama mlangoni. Haya alinisimulia mwenyewe.

"Mke wangu, zile sauti nimezifuta. Sikukusudia. Nilitaka kukupangia."

"Zote?"

"Mia moja hamsini na tatu."

"Ile ya rangi?"

"Haipo."

Hakupiga kelele. Alizima jiko, akafuta mikono kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ugonjwa ulichukua siku nne kumwondoa mwanangu," akasema. "Wewe ilikuchukua muda gani?"

"Hata dakika haikufika."

Kesho yake akafungasha nguo chache, akaenda kwa dada yake. Mwezi mzima Profesa alikuja kibandani na kukaa. Saa za watu zililala mezani zikiwa wazi, naye hazigusi. Chakula nilimlazimisha kama mgonjwa. Ningemwambia si kosa lake wakati mkono uliobofya niliuona?

Mkewe alirudi siku ya kazi, asubuhi, bila kuarifu wala kupiga hodi. Hakumsamehe, au kama alimsamehe hakusema. Alimwambia tu, "Fungua hiyo kompyuta. Andika, kabla na mimi sijasahau."

Sasa jioni wanaketi, mama anazikumbuka sauti zilizofutika, baba anaandika. Wanabishana sana. Mama anasema binti alisema "nimechoka, mama", Profesa anasema ni "mama, nimechoka", na hakuna wa kuwaamulia. Wakati mwingine mama anaanza vizuri, anafika katikati, maneno yanampotea. Wakati mwingine Profesa anahisi mkewe anajitungia, lakini anaandika vilevile.

Wamefika arobaini na mbili. Juzi nilimuuliza wanaendeleaje, akaniambia jana yake hawakupata hata moja. Walikaa tu, yeye vidole juu ya vitufe, mkewe macho ukutani, mpaka mkewe akainuka akaenda kuanua nguo.