Mikro za Gitaa la Gad

Mume wangu Gad ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Karakana yake iko Kamembe, na ukienda siku ya kazi utamkuta ameinama, miwani nyeusi usoni, cheche zinaruka hadi barabarani. Jumapili anapiga gitaa kanisani kwetu Mururu. Ukiwauliza watu wa huku Gad ni nani, nusu watakuambia ni yule wa madirisha, nusu watakuambia ni yule wa gitaa. Mimi mke wake nikiulizwa, nasema ni yule anayeacha chai ipoe hadi nzi waione.

Gitaa alijifunzia Bukavu, kabla familia zetu hazijarudi Rwanda. Nyumba ya jirani yao pale mtaa wa Nguba ilikuwa ya mwanamuziki aitwaye Ntabaza. Jioni Ntabaza alifanya mazoezi sebuleni, na Gad, wakati huo kijana wa shule, alikaa nje ya ukuta akisikiliza hadi mama yake amwite mara tatu. Baadaye Ntabaza alimhurumia akamwingiza ndani na kumfundisha. Alimfundishia kwenye gitaa lisilochomekwa popote, maana umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kubahatisha. Kila anachokijua Gad kuhusu gitaa, amekitoa kwenye vidole vya mtu yule mmoja.

Ntabaza alifariki wakati wa Corona, mpaka umefungwa. Kutoka shamba letu la mihogo unaziona nyumba za Bukavu waziwazi, unaona hata nguo zilizoanikwa, lakini wakati ule daraja la mpakani lilikuwa halivukiki. Siku ya mazishi Gad alivaa koti lake la kanisani, akaenda kusimama mwisho wa shamba akiangalia ng'ambo, mpaka saa ya kuzika ikapita. Nilimwacha. Niliumia kumwona amesimama vile, koti la kanisani katikati ya mihogo.

Mpaka ulipofunguliwa, mjane wa Ntabaza, Maman Feza, akaamua sasa aondoe matanga kama inavyotakiwa, jamaa wote wakiwepo. Akampigia Gad simu, nami nikisikia, maana Gad hufungua spika na kuongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

"Papa Aurore," akasema Feza. Aurore ni binti yetu wa kwanza. "Batoto banataka kuleta orchestre. Miye sitaki kelele. Tangu Ntabaza aende, sijafungua hata redio. Kama unaweza kupiga wimbo yake moja, na gitaa ilie kama yake, kuja upige. Kama haiwezekani, tutaomba, tutakula, kila muntu arudie kwake."

"Nitaipiga, Maman," Gad akajibu.

Alipokata simu akaniambia kwamba hakumzika mwalimu wake, kwa hiyo wimbo ule ndio utakuwa udongo wake wa kutupa kaburini. Alisema hivyohivyo. Mimi nikaona jambo limekuwa kubwa.

Shida ni kwamba gitaa la Ntabaza lenyewe liliuzwa wakati wa ugonjwa na hakuna anayejua liliko. La Gad ni la kwake tu, la zamani, limechubuka. Akaanza kuniambia habari za mikro. Mimi nilidhani gitaa ni ubao na nyuzi, kumbe sivyo. Chini ya nyuzi kuna vile vidude vyeusi, ndani yake sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi mno, ndivyo vinavyozisikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampli, lile boksi la kukuza sauti. Hivyo ndivyo mikro. Ukibadilisha mikro, gitaa linabadilika sauti. Na zake, Gad akasema, ni mbovu, zinanguruma.

Hapo hakukosea. Gitaa lake, likichomekwa tu kwenye ampli, hata kabla hajaligusa, lilikuwa linanguruma mmm, mmm, tangu nimjue. Christophe-Aimé, kijana anayeshughulikia vyombo vya sauti kanisani, alikuwa akikunja uso kila Jumapili utafikiri anaumwa jino.

Mikro za kwanza nilizileta mimi. Navuka daraja la Rusizi II kila wiki kupeleka avokado Bukavu, na duka alilonielekeza Gad halikuwa mbali na soko. Wakati wa kurudi, afisa wa forodha akafungua kijiboksi, akauliza ni nini, akakiinamia akiwa na funguo mkononi. Sumaku ikazinasa funguo. Akavuta, nikavuta, foleni ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akaniruhusu nipite.

Gad ana mkono wa kuunganisha mageti. Sasa mwone anavyolehemu waya mwembamba kama unywele, ulimi nje, jasho kwenye pua, mezani ambapo mimi nilitaka kuweka sahani. Aliunguza kitambaa changu cha meza. Alipomaliza na kupiga, sauti ilitoka kali, ya kukata masikio, hata mbuzi wakanyamaza. Akasikiliza noti mbili, akazima. Mikro zile zikaingia kwenye kopo la misumari.

Baada ya hapo ikawa ni simu tu. Akirudi kazini anakaa na simu anaangalia watu wa nchi za mbali wakibadilisha mikro na kupiga noti ileile mara kumi. Nami naitwa. "Mama Aurore, kuja usikie. Hii na hii, gani iko na utamu?" Nilimwambia zote zinafanana. Hakunisemesha mpaka chakula.

Alikuwa na rekodi moja ya Ntabaza, ya kaseti ya zamani iliyohamishiwa kwenye simu. Inaanza na wimbo moja kwa moja, na sauti yake imefifia na kuwa nzito kwa uzee wa kaseti. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiifukuza. Aliisikiliza asubuhi, akaisikiliza akioga. Mwishowe akaamua kwamba Ntabaza lazima alitumia mikro za bobini mbili, zile ambazo waya umezungushwa mara mbili ubavu kwa ubavu, kwa sababu hizo zina sauti nene na hazingurumi. Akaagiza Kigali. Pesa ya mabati ya zizi la mbuzi wangu ikaenda huko, na mbuzi wakanyeshewa, na mimi nikasema niliyoyasema.

Lakini haki yake nimpe. Zile mikro zilipofika zikafungwa, gitaa likawa zuri. Ukilichomeka, kimya kabisa. Ukipiga, sauti inatoka laini, imeshiba, kama ile ya kaseti. Gad alitabasamu siku nzima. Jumapili Christophe-Aimé alimkumbatia mbele ya waumini. "Sasa njo gitaa, Papa Gad," akasema, na njo kwetu huku ni ndiyo. "Ile ya zamani ilikuwa kinu ya kusaga."

Gad akamwalika Maman Feza aje asikie kabla ya siku yenyewe. Alivuka daraja akiwa na kitenge cheusi, akapanda mlima wetu polepole, akakaa kwenye benchi. Nikampa chai. Gad akachomeka gitaa, akapiga wimbo wa Ntabaza mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata mahali pamoja. Nilimwonea fahari mume wangu.

Feza alisikiliza akiangalia kikombe. Wimbo ulipokwisha akainua macho.

"Ni muzuri sana, Papa Aurore," akasema. "Unapiga muzuri kuliko hata yeye. Lakini haiko yeye."

"Ni sauti ya gitaa njo haifanani, Maman?"

"Sauti inafanana."

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Weye umeanza tu. Ntabaza alikuwaka anafika kwanza, njo anapiga." Akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini. "Usijisumbue, mutoto wangu. Tutaomba tu."

Gad alimsindikiza hadi darajani, akarudi uso umeanguka. Kwanza alidhani Feza anasema juu ya utangulizi wa wimbo. Akatunga utangulizi, noti chache za kuingilia, akazirefusha, akazifupisha, mpaka nikamwambia kama Ntabaza alichukua muda wote huo kufika, basi alikuwa anatoka Kinshasa. Hakucheka. Kila alichojaribu alikitupa mwenyewe.

Ilipobaki wiki moja akakata tamaa. Aliniambia atampigia Feza simu amwambie haiwezekani. Akasema Mungu hakutaka amzike Ntabaza, mara ya kwanza wala ya pili. Moyo uliniuma, lakini nilimjibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyo, kwamba Mungu ana kazi nyingine zaidi ya mikro. Mchana huo akazing'oa zile nzuri ili amuuzie Christophe-Aimé, aliyezitamani tangu mwanzo, akarudisha zake za zamani, za bobini moja.

Mimi nilikuwa uani nachambua maharage, watoto wanagombana kuhusu kamba ya kurukia. Nikasikia ndani, mmm, ule mngurumo. Gitaa limechomekwa. Kisha ukakatika ghafla, nyumba nzima ikatulia, na mimi, bila kuinua kichwa, nikawaambia watoto: "Munyamaze kwanza, papa yenu anataka kuanza."

Ndipo mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

Nilijuaje kwamba anataka kuanza? Hakuwa amepiga hata noti. Nikajikuta nafikiria miaka yote ya ndoa yangu. Niko jikoni, niko uani, mara nasikia mngurumo, najua Gad ameketi, ameweka gitaa pajani. Kisha anaweka kiganja juu ya nyuzi, mngurumo unakufa, na katika kile kimya kifupi najua vidole vyake vinatafuta mahali pake. Halafu ndiyo muziki. Tangu zile mikro za Kigali zije, muziki ulikuwa unanishtua tu, mara umeshaanza. Nilikuwa nimepungukiwa na kitu nisijue ni kipi.

Niliingia ndani na maganda ya maharage kwenye kitenge.

"Toa mukono," nikamwambia.

"Mukono gani?"

"Juu ya nyuzi. Toa."

Akatoa, mngurumo ukarudi. "Rudisha," nikasema. Akarudisha, kimya. Nikamuuliza mikro za Ntabaza zilikuwa za namna gani, na akaanza kunieleza habari za bobini mbili na unene wa sauti, nikamkatiza. Nikamwambia habari za kaseti sitaki, kaseti imeanzia kwenye wimbo. Nje ya ukuta yeye Gad angeusikiaje mngurumo mdogo namna hii, na alipoingizwa ndani alifundishwa kwenye gitaa lisilo na umeme. Feza ndiye aliyekuwa chumba cha pili, anapika na kusikia kama mimi, miaka yote ile.

"Alikuwaka anafika kwanza," Gad akasema polepole.

Alitoa mkono, akausikiliza ule ubovu wake alioupiga vita miezi mizima. Akaurudisha. Akatoa tena. Machozi yalimtoka, na mimi pia, tukakaa pale kama watu wawili walioletewa habari njema na hawajui wamshukuru nani. Kwamba tulikuwa sahihi, hatukuwa na uhakika. Huenda gitaa la Ntabaza lilikuwa kimya kama jiwe. Gad hakumpigia Feza simu kumwuliza, alisema kitu hiki hakiulizwi.

Siku ya kuondoa matanga tulivuka asubuhi, Gad na gitaa mgongoni, mimi na Christophe-Aimé na ampli kati yetu. Uwanja wa Feza ulikuwa umejaa watu, turubai limefungwa, sufuria zinatoa mvuke. Maombi yakaisha. Feza alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, amevuliwa kitenge cheusi na kuvishwa cha maua, lakini uso wake ulikuwa bado wa matanga. Alituona tukiingia na gitaa, akatikisa kichwa kwa upole, kama anayesema asante kwa kujaribu. Watu walikuwa wanaongea, wengine wanatafuta sahani.

Gad akaketi kwenye kiti, akachomeka.

Mmm.

Mngurumo ukajaa uwanja, mkubwa kuliko nyumbani. Wazee wawili waligeuka kulitazama ampli. Christophe-Aimé aliruka kutoka mahali pake, mkono tayari kwenye waya, na mimi nikamshika shati.

"Maman, inanguruma," akaninong'oneza, aibu imemjaa.

"Iache."

Nilikuwa namwangalia Feza. Alikuwa akizungumza na shemeji yake kuhusu wali. Maneno yakamkatika katikati. Aliinua kichwa, hakuangalia gitaa wala Gad, aliangalia mlango wa nyumba yake, ule wa sebuleni, na akabaki hivyo.

Gad akaweka kiganja juu ya nyuzi. Kimya.

Feza akanyoosha mkono, akaushika wa shemeji yake aliyekuwa bado anasema, akawaambia watu wote, kwa sauti ya kawaida ya mwanamke aliye nyumbani kwake:

"Munyamaze kwanza. Anataka kuanza."

Watu wakanyamaza, na Gad akaanza.