Kiti cha Mbele na Zulia la Saikal

Mara ya kwanza Burulcha kufanya biashara na Karypbay, alinunua kiti cha mbele akakalia cha nyuma.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali kwenye kituo cha magari Bishkek. Karypbay alikuwa akipiga kelele kwamba mlima unafungwa saa sita, wapande haraka. Baadaye Burulcha alikuja kujua kwamba kwa Karypbay mlima hufungwa saa sita kila siku, hata mwezi wa saba, kilele cha joto.

"Mbele ni pako, dada," alimwambia, akapokea nauli kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake.

Burulcha kufungua mlango, akamkuta mzee mwenye kofia ndefu ya sufu amekijaza kiti.

"Sasa dada, nimwambie mzee kama huyu arudi nyuma? Watu watanionaje?"

Desturi ni desturi. Burulcha akajibana nyuma, mapajani mtungi wa maziwa ya mtu. Mzee akashuka kituo cha kwanza cha mafuta, akapewa sigara mbili, akavuka barabara kungoja gari la kumrudisha mjini. Alikuwa mjomba wa Karypbay, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kiti kikauzwa upya pale pale kwa askari wa likizo.

Burulcha hakukasirika. Aliuza mazulia sokoni tangu mumewe afariki, naye alimheshimu mwizi mwenye akili kuliko mwaminifu mvivu. Akaamua huyo ndiye atakuwa dereva wake.

Karypbay aliwahi kuendesha trekta kwenye shamba la serikali. Shamba lilipogawanywa, wenzake walipata kondoo, yeye akapata tela lisilo na magurudumu. Walimcheka. Tela akalibadilisha kwa ng'ombe mgonjwa, ng'ombe akapona akawa injini, injini ikawa gari kutoka Japani lenye usukani upande usiofaa kwa nchi ile. Kwa hiyo aliyekaa mbele hakustarehe: ndiye aliyechungulia malori na kusema "pita" au "ngoja". Karypbay alimtoza zaidi kwa kazi hiyo.

Kila majira ya baridi walivuka pamoja mlima wa Too-Ashuu kwenda bonde la Suusamyr, Burulcha akinunua mazulia kwa akina mama wa huko. Zulia moja tu lilimshinda. Lilikuwa la bibi kizee Saikal, jekundu na jeusi, mishono yake imebana kama meno ya mtoto. Mteja mmoja wa mjini alikuwa tayari kulilipia chochote. Saikal alilikalia, akanywea chai juu yake, akakataa kila bei.

"Mama, taja wewe basi."

"Siku nyumba hii ikipata mjukuu, njoo na habari hiyo ulichukue bure," Saikal alimjibu kwa kejeli, maana mwanawe na mkewe walikuwa wamekaa miaka bila mtoto. "Mpaka hapo, kunywa chai unyamaze."

Karypbay alikuwepo, mdomo umejaa mkate. Alisikia.

Majira ya baridi yaliyofuata, mkwe wa Saikal akajifungua mjini: mapacha, mvulana na msichana. Burulcha alizipata habari kwa dada wa mzazi. Theluji ilikuwa imeangusha mnara wa simu wa bondeni, hivyo Saikal hakujua lolote. Na huko, anayefika kwanza na habari njema hudai suyunchu, zawadi yake, wala hanyimwi. Burulcha akapanda gari la Karypbay siku hiyo hiyo, kiti cha nyuma kama kawaida, akafunga mdomo.

Karibu na kilele malori yalikuwa yamesimama, tingatinga linaondoa theluji iliyoporomoka mbele ya handaki. Karypbay akafunga minyororo kwenye magurudumu, akarudi ndani akipuliza vidole.

"Dada, wewe ndiye mkubwa humu. Tuombee."

Hilo halikataliwi, na Burulcha hakuwa mtu wa kuomba kwa ubahili. Akafungua viganja, akaanza na baraka ya wasafiri. "Njia yetu iwe nyeupe..."

"Nyeupe imetosha, dada, omba rangi nyingine."

"Nyamaza wewe! Tufike salama, mifugo inenepe, wagonjwa wapone, na huyu mvulana wa nyumba ya Saikal akue awe..."

Akajikatiza. Kiganja kikabaki hewani.

"Omin," Karypbay akasema, akapangusa uso kwa mikono yote miwili, polepole mno.

Kutoka handakini hadi bondeni aliendesha akipiga mluzi. Walipokaribia nyumba ya Saikal, gari likasimama.

"Gurudumu limezama. Naenda kuazima sepetu kwa mama Saikal. Wewe kaa, dada, usije ukapata baridi ya mgongo."

"Gurudumu gani? Karypbay! We mbwa, gurudumu gani?"

Alikuwa ameshaanza kukimbia, na kwa mtu mwenye tumbo lile alikimbia vizuri. Burulcha akashuka, theluji ikammeza hadi magotini. Alipofika mlangoni, Saikal alikuwa akilia na kucheka, na Karypbay ameketi juu ya zulia jekundu na jeusi, bakuli la chai mkononi.

"Karibu, dada. Karibu kwenye zulia langu."

Burulcha akajipangusa theluji taratibu.

"Amekwambia mvulana, mama?"

"Ameniambia, mwanangu! Mvulana!"

"Suyunchu basi. Yuko na msichana pia. Mapacha."

Bakuli la Karypbay likasimama njiani kuelekea mdomoni.

Saikal akampiga ngumi ya bega. "Nusu! Umeniletea nusu ya habari ukachukua zulia zima!" Akamtolea Burulcha kondoo jike mnene, mwenye mimba, mkia umening'inia kama mto wa kulalia.

Wakabaki uani wanatazamana: mmoja na zulia lisilo na mteja, mwingine na kondoo asiye na gari la kumbeba.

"Kondoo kwa zulia," Karypbay akasema.

"Kondoo kwa zulia na kiti cha mbele."

"Leo."

"Siku zote. Na mjomba wako asionekane."

Karypbay akamtazama kondoo, akapima mkia kwa kiganja, akaapa kwamba anaibiwa, akakubali.

Walirudi kuvuka mlima hivyo, Burulcha mbele, zulia magotini, akichungulia malori.

"Ngoja... ngoja... pita!"

Kondoo alikaa nyuma, na abiria waliobanwa naye walilipa nauli kamili. Ila ile ya kiti cha mbele, Karypbay hakuipata tena.