Nilivyozima Moshi wa Kuitia Ndege

Nilisoma miaka miwili tu, na wa pili sikuumaliza, maana mwalimu wetu alikimbia vita na hakurudi. Nasema vita vya zamani, si hivi vya sasa. Katika yote aliyotufundisha nilibaki na kitu kimoja: keleretili. Ni Kifaransa cha kuuliza saa ngapi. Mwalimu alikuwa na saa ya mbao, anageuza mshale kwa kidole, na sisi darasa zima tunaimba keleretili, keleretili, mpaka mbuzi wa jirani wanakimbia. Kwa hiyo leri, kile kipande cha katikati, kwangu mimi ilikuwa saa. Ilibaki saa mpaka nikazeeka, mpaka ile asubuhi kwenye tambarare karibu na Bwegera, ambapo neno hilo lilikaribia kuniulia mke.

Mke wangu alikuwa amepanda milimani, Mulenge, kwa kilio cha shangazi yake. Siku nne tu, alisema. Alibeba kitenge kimoja na chumvi ya kupelekea watu wa kilio. Siku ya tatu barabara ikafungwa, bunduki zikalia mabondeni, na siku nne zikawa wiki tano. Mimi niko Songo, nyumbani, najipikia sombe, majani ya muhogo, lisiloiva. Kisha ujumbe ukateremka: mama iko na tumbo, linamuuma sana, limekuwa gumu kama ubao, muganga wa kule juu anasema apasuliwe, naye hana vifaa vya kupasulia.

Kulikuwa na ndege ndogo ya watu wa misaada, yenye viti vichache. Ilikuwa inapandisha dawa kule juu na kuteremsha wagonjwa kwenye kiwanja cha majani huku tambarare, halafu gari linawapeleka hospitali Uvira. Wakakubali kumchukua. Nilipanda pikipiki nyuma ya mtu nisiyemjua, nikashuka Bwegera kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mulimaji wa mpunga, mtu wa maneno mengi.

Hapa lazima nieleze kiwanja kile, maana watu wanafikiri kiwanja cha ndege ni saruji na vioo. Kile kilikuwa majani tu kati ya mashamba ya mpunga, na kijumba cha mabati pembeni chenye foni, yaani redio ya kuongea na ndege. Nilikifahamu. Ujanani nilifanya kazi pale miaka mingi: kukata majani, kufukuza ng'ombe, kuwasha moshi. Moshi ndio ilikuwa kazi kubwa. Unatengeneza makaa mazuri ya kuni kavu, kisha unatupia mabua ya mpunga yaliyoloweshwa. Yakiwa makavu yanawaka tu, hayatoi kitu. Yakiwa maji sana yanaua makaa. Yakiwa katikati, moshi unatoka mweupe, mzito, unapanda kama mti. Piloti anauona toka mbali, anajua kiwanja kiko wapi na upepo unaenda wapi.

Katika vita hivi moshi ulikuwa umepata maana nyingine. Moshi mweupe ukiwepo, shuka. Moshi usipokuwepo, usishuke, kuna watu wa bunduki kiwanjani. Hiyo kanuni niliijua vizuri, nilikumbushwa asubuhi ileile. Niliomba niwashe mwenyewe. Nilisema mke wangu iko ndani ya hiyo ndege, moshi wake siachii mutu mwingine.

Mama wa foni alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, aliyelelewa na masista. Alikaa ndani ya kijumba na vitu vyake masikioni, dirisha wazi, mimi niko hatua hamsini mbele na moto wangu. Milima yote upande wa magharibi ilikuwa imefunikwa na mawingu mpaka magotini. Huku kwetu manyunyu, na mpunga wa kijani pande zote, kiwanja nacho kijani. Hata mimi niliyesimama juu yake nilikuwa sioni kinapoishia.

Tuliambiwa ndege imeruka. Ni safari fupi, dakika kumi na kitu. Nilitupia mabua, moshi ukapanda vizuri.

"Shemeji," kaka wa mke wangu akasema, "moshi wako ni muzuri. Dada yangu akiuona atasema huyu muzee alikuwa anajificha, kumbe anajua kupika."

Sikucheka. Nilikuwa nasikiliza.

Ndipo mama wa foni akapiga kelele dirishani. "Muzee! Piloti anasema leri! Iko leri huko juu!"

"Leri ngapi?"

"Hasemi ngapi! Anasema leri, leri, kisha inakatika!"

"Sawa!" nikajibu.

Nilielewa, au niliona kwamba nimeelewa. Zamani, nilipokuwa mfanyakazi, mtu wa foni akitoa kichwa na kusema leri, maana yake saa imebadilishwa, ndege itakuja baadaye. Mara nyingi ilikuwa hivyo, maana wakubwa wa ndege walihesabu saa ya Kinshasa na sisi tunahesabu ya kwetu, zinapishana. Na kazi yetu ilikuwa moja: kuua moto ili mabua yasiishe, na kuacha ng'ombe wapite. Bosi wetu wa wakati ule alikuwa mkali sana kuhusu mabua. Mikono yangu ilikumbuka bosi huyo kabla kichwa hakijafikiri. Nilichukua jembe, nikafukia moto kwa udongo wenye maji, nikaukanyaga juu.

"Shemeji, unazima?" akauliza kaka wa mke wangu.

"Saa imegeuka. Amerudi juu kungoja."

"Nani amesema?"

"Piloti mwenyewe. Hukusikia leri?"

"Minye najua kulima tu," akasema. "Weye ndiye ulisoma Kifaransa."

Na kweli nilijisikia mtu aliyesoma. Nasema hivyo kwa aibu. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanangoja ukingoni, wanaijua ile desturi kuliko watu; walipoona moshi umekufa wakaingia kiwanjani taratibu, wakaanza kula.

Nilienda kwenye kijumba kuuliza ndege imesogezwa mpaka saa ngapi, nijue kama kuna nafasi ya kutafuta chai. Mama wa foni alikuwa ameinamia karatasi, ameandika neno moja na kulipigia mstari chini.

"Mama, wamesukuma mpaka saa ngapi?"

"Wamesukuma nini?"

"Leri."

Akatoa vitu masikioni. "Baba, nani amekuambia saa? Hata minye nilifikiri saa. Nimeuliza wakubwa kwenye foni, wamenisomea herufi kwa herufi. Si ile leri. Ni leri ya kudanganya. Ile ya samaki."

"Samaki gani?"

"Wavuvi wa ndagala wanafanya nini na taa zao? Ndagala anaona taa, anafikiri ni mwezi, anapanda juu, wavu unamchukua. Ile taa, kwa Kifaransa, ni leri. Ndege iko na mashine ya kumuonyesha piloti njia, jepeesi. Mashine inasikiliza vitu vilivyo juu mbinguni, ndiyo inajua iko wapi. Sasa watu wa vita wanatuma sauti za uongo zinazofanana na zile za juu. Wanasema ni kwa kupoteza droni za adui zao. Lakini mashine ya ndege yetu nayo inasikia, inaamini."

"Ndege iko wapi?"

"Mashine inasema iko juu ya ziwa."

"Na kweli iko wapi?"

"Baba, minye najua? Anaona mawingu tu. Anajua inamdanganya, lakini akikosea hesabu atateremka. Kama chini yake ni mlima..." Hakumaliza. Akatazama dirishani. "Moshi wako uko wapi?"

Mpaka leo sijui nilitoka vipi mlangoni.

Wakati nakimbia niliisikia. Sauti nyembamba, kwa upande wa ziwa, kusini. Kwa hiyo hakuwa amepiga mlima. Nilifurahi, na papo hapo furaha ikakatika: alikuwa anakuja, na mimi sina moshi. Ilitokea chini ya mawingu, chini sana, inafuata mto Ruzizi kama mtu anayefuata ukuta gizani. Ikapita juu yetu. Niliona tumbo lake, niliona magurudumu. Nilipunga mikono, nikavua koti nikapunga koti. Yeye aliona nini? Ng'ombe kiwanjani, hakuna moshi, na mtu mmoja anarukaruka. Angeweza kuwa mtu wa bunduki anayemuita. Ikainua pua, sauti ikawa kubwa, ikageuka, ikarudi kuelekea ziwani, mawingu yakaifunika.

"Umemfukuza dada yangu," shemeji akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani.

"Toa ng'ombe."

"Shemeji..."

"Toa ng'ombe."

Akavua kofia, akaenda kuwapiga ng'ombe nayo. Mimi nilipiga magoti. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa koti, na koti nilikuwa nimelitupa kwenye maji. Nikachimba. Jembe lingesaga makaa, kwa hiyo nilichimba kwa mikono. Juu kulikuwa na tope, chini ya tope majivu, na chini ya majivu, nashukuru kwamba nilizima kwa haraka na vibaya, makaa mawili matatu yalikuwa bado mekundu. Niliyatoa na vidole. Niliyapulizia. Niliyawekea mabua makavu niliyoyavuta chini ya rundo, yakawaka, nikapulizia tena. Nilikuwa naongea, sijui na nani. Nafikiri nilikuwa naongea na tumbo la mke wangu, nalibembeleza lingoje.

Mama wa foni alikuwa anapiga kelele ndani ya foni: moshi unakuja, moshi unakuja, kiwanja kiko salama. Hakujua kama anasikika.

Niliweka mabua ya maji. Mapema mno, moto ukafifia, nikadhani nimeua mara ya pili. Kisha ukatoka uzi mweupe, kisha kamba, kisha ule mti. Nikaketi chini kwenye tope, nikangoja. Sijui nilingoja muda gani. Mwalimu wangu angeniuliza keleretili, ningemwambia hakuna. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kwenye mpunga, na kila sauti ilikuwa ndege: nyuki, pikipiki ya mbali, damu yangu masikioni.

Ilirudi. Kwanza shemeji aliinua kofia, kisha mimi nikasikia. Ilikuja moja kwa moja kwenye moshi, ikagusa majani, ikarukaruka, ikasimama karibu na mavi ya ng'ombe.

Piloti alishuka wa kwanza. Alikuwa mtu mfupi, shati lote limeshikana na mgongo. Mama wa foni alimuuliza, akatutafsiria. Alisema mashine ilimwambia amefika juu ya maji, lakini saa ya ndani ya mashine nayo iliruka mbele ghafla, ikasema wakati ambao haujafika. Akatazama saa yake ya mkono: dakika saba tu tangu aruke. Dakika saba hazimtoi mutu kwenye milima. Basi akaiacha mashine, akashika dira na saa ya mkono, akahesabu dakika mpaka akawa na hakika kwamba milima imebaki nyuma, akaongeza nyingine za woga, ndipo akatafuta tundu kwenye mawingu na kushukia ziwani.

Kwa hiyo leri yangu, ile ya saa, nayo ilikuwemo. Sikumwambia. Aliuliza kwa nini mara ya kwanza hakukuwa na moshi. Mama wa foni alinitazama, kisha akamjibu kwa Kifaransa kirefu ambacho sikukielewa, piloti akatikisa kichwa na kuacha.

Mke wangu walimteremsha kwenye machela, uso wa kijivu, midomo imekauka. Nilimshika mkono. Akafungua macho, akatazama mkono wangu, akafunga tena. Garini aliuliza neno moja tu: "Uliwasha moshi?"

"Niliwasha," nikasema. Na kweli niliwasha.

Walimpasua siku ileile. Muganga alisema kama angechelewa kidogo, na hakumaliza, maana watu wote siku ile walikuwa hawamalizi maneno. Alipona. Anatembea akijishika ubavu, anagombana na mimi kuhusu sombe.

Shemeji, akija Songo, hawezi kuingia bila kusimama mlangoni na kuuliza, "Shemeji, leo leri ngapi?" Anacheka mpaka anakohoa. Mke wangu naye alikuwa anacheka, kwa sababu kaka yake anacheka. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Miezi mingi nilibeba ile "niliwasha" kama jiwe kwenye kiatu. Nilikuwa nimemwambia mke wangu neno la kweli lililosimama mahali pasipo pake, na nilifikiri sana habari ya hao watu wa vita na sauti zao za uongo.

Wiki iliyopita, shemeji alipoondoka, nilimweleza yote. Bosi wa mabua, jembe, ng'ombe, ndege kupita. Alikuwa anachambua mchele kwenye lungo, hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Mikono yako. Ulinishika pale kwenye ndege, ngozi ya vidole ilikuwa imetoka yote. Umewasha moshi pale miaka yako yote, hujaungua hata kidole. Nikasema huyu amefanya kitu."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa na tumbo," akasema. Akapuliza makapi. "Tena siku hiyo ulilia garini, weye ulifikiri nimelala. Leta maji, mchele uko tayari."

Nikaenda kuleta maji.