Round ya Access ilivyomnyima binti wa Buzebazeba mchepuo wa sayansi

Wakuu, heshima kwenu. Haya sijasimuliwa. Mfumo niliutengeneza kwa mikono yangu, na hadi naandika hapa bado nina hasira.

Nafundisha sekondari moja ya binafsi hapa Kigoma, pande za Katubuka. Mwaka jana niliwatengenezea mfumo wa matokeo kwa Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu. Kabla ya hapo walimu walijumlisha mitihani miwili, wakagawa kwa mbili, nusu ikapandishwa. 44.5 ni 45. Hata mlinzi wa getini anajua.

Na anayetaka mchepuo wa sayansi Form Three lazima awe na 45 ya hesabu.

Majuzi orodha ya waliochaguliwa sayansi ikabandikwa. Binti mmoja wa kata ya Buzebazeba, anayeutaka unesi tangu darasa la nne, hayumo. Hesabu kaandikiwa 44.

Mama yake anauza samaki, migebuka, mwaloni kando ya ziwa. Akaja na karatasi zote mbili za mwanawe.

"Mwalimu, arobaini na tatu na arobaini na sita, gawa kwa mbili. Hiyo nusu mmeipeleka wapi?"

Mwalimu wa taaluma hakuzitazama hata karatasi. "Mama, kompyuta haikosei."

Na mimi mjinga nikaitikia!

Iliniuma. Kesho yake nikaujaribu mfumo. 43.5 ikatoa 44. 44.5 nayo ikatoa 44! Alama tofauti, jibu moja.

Kumbe Round, amri ya kukadiria namba, katika VBA, lugha ya code za Access, huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo jirani. Si kirusi, ndivyo ilivyoundwa. Round ya Excel ndiyo inayopandisha kama sisi. Basi ndani ya code ya Access nikaiita ya Excel:

Set xl = CreateObject("Excel.Application")
alama = xl.WorksheetFunction.Round(wastani, 0)

Angalizo: Excel ifungue mara moja tu, nje ya loop inayopitia wanafunzi mmoja mmoja, ukimaliza ifunge kwa xl.Quit. Mimi mwanzo niliifungua kwa kila mwanafunzi, laptop ya shule ikaganda mpaka nikachomoa betri.

Binti akapata 45 yake. Nikampelekea taaluma. Eti tumwingize kimyakimya, orodha isibandikwe upya, shule itachekwa.

Jamani! Mtoto kaachwa hadharani, halafu arudishwe kwa kunong'ona? Nikagoma. Nikaibandika mwenyewe.

Mama alikuja, akalisoma jina la mwanawe taratibu. Hakushangilia. Akaniuliza, "Na wale ambao mama zao hawakuja?"

Nikafungua faili la mwaka jana. Wapo wanne walionyimwa sayansi kwa 44.5 ileile. Sasa wako Form Four, arts, wanajiandaa na mtihani wa mwisho.

Funzo ni dogo, ila limenigharimu usingizi: code ya matokeo ijaribuni kwa zile alama za nusu kabla hamjaigusisha na maisha ya mtoto wa mtu. Na mzazi akija na karatasi mkononi, kagueni mashine kwanza.

Tiririkeni wakuu. Wa kunitukana anitukane, nimestahili. Ila mwenye busara aniambie, hao wanne nawaendea na maneno gani?