Ufunguo Shingoni mwa Wifi

Kwenye karakana ile ya kushona sare za shule walimwita Fundi Kola, kwa kuwa kola zake hazikuwahi kupinda hata kitambaa kiwe kibovu namna gani. Alikuwa na adabu, alikuwa na mkono mwepesi, na alikuwa na bahati mbaya moja: msimamizi wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Choo kilikuwa kimoja, nyuma ya stoo ya vitambaa, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa wifi kwa kamba nyekundu. Aliyebanwa alisimama mbele ya meza yake na kuomba, karakana nzima ikisikia. Wifi hakuzaliwa na roho mbaya kuliko wengine. Alipewa ufunguo tu, akaota pembe. Wengine aliwapa huku akisonya. Fundi Kola, kwa kuwa ni wa nyumbani, alifanywa mfano, ili msimamizi asisemwe kuwa anapendelea.

"Wifi, naomba ufunguo."

"Tena? Wewe mtu au bomba bovu? Hiyo cherehani iko hapo tangu asubuhi, umeiona ikikojoa?"

Watu walicheka. Ukicheka na mwenye ufunguo, siku yako ya kubanwa unahurumiwa. Fundi Kola akajikaza kisabuni, na tangu hapo akajitungia dawa: hanywi kitu. Kikombe cha chai asubuhi, basi, mpaka arudi nyumbani. Miaka ikapita anashona chini ya mabati ya moto, jasho linamtiririka, midomo imepasuka, na mkojo wake wa jioni una rangi ya chai ileile. Mumewe alipoambiwa alisema, "Mvumilie tu, ni dada yangu," akarudi kwenye sahani yake. Mume wa aina hiyo ungemtundika ukutani kama kalenda usingeona tofauti.

Kichwa kikaanza kumgonga. Macho yakaingia ukungu, vidole vikawa vinachoma. Akaenda zahanati, akapimwa damu, na daktari, mama mtu mzima, akayasoma majibu mara mbili.

"Himoglobini yako iko juu, mama. Damu yako nzito mno. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Unapikia makaa ndani na dirisha umefunga? Una shida ya mapafu? Figo?"

"Hapana, daktari."

"Maji unakunywa kiasi gani?"

Fundi Kola akatazama sakafu. "Kazini sinywi."

Daktari akamweleza bila kumzungusha. Mwili ukikosa maji damu huwa nzito, damu nzito ni rahisi kuganda, na ikigandia kichwani ni kiharusi. Anywe maji kutwa nzima, kisha arudi kupimwa. Ikiwa bado iko juu, watachunguza uboho wa mifupa, maana kuna watu ambao uboho wao hutengeneza damu kupita kiasi, na hao hupunguzwa damu kwa sindano na kupewa vidonge. "Lakini wewe tuanze na maji," akasema. "Hayo hayakushindi."

Kesho yake akaja kazini na chupa. Akanywa mpaka akahisi mwili unamshukuru. Kisha akaenda kwenye meza.

"Wifi, naomba ufunguo. Daktari kasema damu yangu nzito, ninywe maji."

"Damu imekuzidi?" Wifi akawageukia mafundi. "Mnasikia? Wenzake wanakufa kwa kukosa damu, yeye yake imefurika! Kaka yangu anamlisha vizuri huyu. Kamalize hizo kola kwanza."

Akazimaliza, miguu imebanana. Akarudi mbele ya meza, akamkuta wifi anaongea na simu. Akainuliwa kidole, asubiri. Akasubiri. Maji ya daktari yakamshuka miguuni, yakaenda mpaka chini ya meza ya kukatia vitambaa. Karakana ikaangua kicheko. Hadi wakati wa kutoka hakuna aliyemwita Fundi Kola tena, walimwita Bomba.

Chupa aliitupa njiani. Zahanati hakurudi; angemwambia nini yule daktari? Joto lilipozidi, siku moja mkono wa kulia uliiachia kola katikati ya mshono, mdomo ukaenda upande, naye akaangukia cherehani yake.

Sasa amelala chumbani kwake, upande wa kulia umekufa. Mumewe mchana yuko kazini, na anayekuja kumwangalia, kwa kuwa karakana iko jirani, ni wifi. Anakuja kweli, na analia machozi ya kweli. Humgeuza, humfuta jasho, humwinua kichwa taratibu. Ufunguo bado uko shingoni, na akiinama unagonga kikombe.

"Kunywa, wifi yangu. Daktari amesema maji."

Mgonjwa anakitazama kikombe. Analitazama beseni la haja kule chini ya dirisha, ambalo hawezi kulipata mpaka aombe. Anaufumba mdomo, ile nusu inayomtii, na maji yanamtiririka shingoni.

"Mkaidi huyu," wifi anawaambia majirani mlangoni, akijifuta macho. "Tangu zamani hapendi maji."